Bata Wasio na Mwenyewe

Mama mkwe wangu alikuja Nairobi kutibiwa goti. Tulidhani angekaa wiki mbili tatu, akakaa hadi mahindi ya kule bwawani yakakomaa, na kabla hajaondoka alikuwa amechanganya ndege wa mwituni na kuku wa mwenye nyumba wetu bila ruhusa ya mwenye nyumba, ya kuku, wala ya ndege wenyewe.

Tulikuwa tunaishi Silanga, Kibera, upande ule ambapo nyumba zinaishia na vishamba vya kando ya bwawa vinaanza. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa si zamani, sina mtoto bado, nauza sukuma wiki na mchicha niliopanda mwenyewe kule chini. Mume wangu alikuwa fundi wa viti na vitanda, ana banda lake mtaa wa Raila, hapo hapo Kibera. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, na mwaminifu kiasi cha kuudhi. Akiokota msumari wa fundi mwenzake, halali vizuri mpaka aurudishe.

Mama yake nilimwogopa. Hakuwa mkali, wakali nimewaona, wanapiga kelele wakichoka wananyamaza, mnaendelea na maisha. Yeye alikuwa mtu wa kutazama. Anaingia, anatazama sufuria, anakutazama wewe, halafu anatazama dirisha, na mpaka unalala hujui kosa lilikuwa la sufuria au lako. Nilikuwa nikijikwaa mbele yake kwenye sakafu niliyoifagia mwenyewe asubuhi.

Kwetu magharibi mama halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, hata pazia liwe zito namna gani, na sisi tulikuwa na chumba kimoja tu. Aliyetuokoa ni mwenye nyumba. Alikuwa mama wa Kinubi, mzaliwa wa hapo Kibera kama mama yake kabla yake, mjane, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika ploti yote. Wajukuu wake walimwita Haboba, yaani nyanya, na sisi wapangaji tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa na kijichumba kando ya chake alichowekea magunia na viti vya harusi. Akatoa vitu, akaweka kitanda, akamwambia mama mkwe alale hapo mpaka goti lipone, na hakutaka kusikia habari ya shukrani.

Nyuma ya kijichumba hicho ndiko Haboba alikofugia kuku wake.

Sasa, mama mkwe alikuwa mfugaji. Kijijini kwake watu walimletea kuku walioshindwa kuatamia, na bata mzinga walioacha kula, awaambie kuna nini. Haboba naye aliamini hakuna kuku Kibera nzima waliofunzwa adabu kama wake. Siku ya kwanza tu walipokaa pamoja na chai, mama mkwe alitazama kuku mmoja mwekundu akipita, akatazama banda, kisha akasema kwa upole kwamba kuku wa mjini wana kazi ngumu, maana hawana hata nyasi za kujifunzia kulalia mayai. Haboba akamjibu kwa upole uleule kwamba yule mwekundu hajawahi kuharibu yai tangu azaliwe, na kwamba ukimpa jiwe ataliangua. Wakaongezeana chai. Mimi niliyekuwa nimeshika birika niliona kwamba hapo pamewekwa kitu, ila sikujua ni kitu gani.

Kliniki ya goti ilikuwa kila Alhamisi katika hospitali kubwa kule mlimani, na mimi ndiye niliyempeleka. Daktari alimpa dawa ya kuchua na kumwambia ajitahidi kutembea kidogo kila siku. Neno hilo la kutembea mama mkwe alilichukua kama leseni. Akitaka kwenda kuona nguo za mitumba Kawangware, daktari amesema atembee. Akitaka kusimama mlangoni pa majirani kusikiliza wanagombania nini, ni daktari. Na Alhamisi ya pili tulipotoka hospitali, alipoona kwa mbali miti mingi chini kuelekea mjini, akaniambia daktari amesema atembee, tukateremka mpaka kwenye ile bustani kubwa ya umma yenye kidimbwi.

Watu walikuwa wengi kama kawaida ya saa sita. Wengine wamelala kwenye nyasi wamefunika uso na gazeti, wahubiri wawili wanahubiri karibu karibu kila mmoja akijaribu kuupita mwenzake kwa sauti, wapiga picha wanawinda wapenzi. Mama mkwe hakutazama hata mmoja. Aliona bata.

Walikuwa bata wa mwituni, wa rangi ya udongo uliolowa, mdomo wa njano kama ndizi iliyoiva, na alama nyeusi juu ya mdomo. Wanaogelea kati ya mashua za kukodisha kana kwamba mashua ndizo zimewaingilia. Akatafuta pa kukaa, akanyoosha goti, akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza ni wa nani.

Nikamwambia hawana mwenyewe. Ni wa mwituni.

"Mwitu uko wapi hapa?" akaniuliza.

Nikasema huenda ni wa serikali. Akauliza serikali inawalisha nini. Nikasema wanajilisha. Akauliza mayai yao huenda wapi. Nikasema sijui. Akanitazama kwa lile jicho lake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba halikuwa jicho la kunikosoa. Alikuwa anapima kama naweza kutunza siri.

"Yule pale ana kiota," akasema. "Tazama anavyotoka majini. Anajifanya hana anakokwenda."

Bata mmoja alikuwa amepanda ukingoni. Akatembea kulia, akasimama, akadonoa kitu ambacho hakikuwapo, akarudi kushoto, akatazama huku na huku kama mtu anayeingia baa mchana, halafu akapotea ghafla ndani ya matete. Mama mkwe alicheka kimya kimya, mabega yanatetemeka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Alhamisi iliyofuata hatukuhitaji hata kujadiliana. Alikuwa na kikapu, chupa ya chai ya moto, na sweta ambalo halikuhitajika kwa jua lile. Nilipomuuliza sweta la nini, akasema wazee husikia baridi.

Tulikuta wafanyakazi wa bustani wakifyeka matete. Walikuwa wameanzia mwisho wa kidimbwi na wanakuja upande wetu, wanafyeka huku wakipiga soga. Yule bata alikuwa majini, anazunguka, analia. Na kando ya matete yaliyobaki alikuwa amesimama korongo mmoja, wale wakubwa wenye upara na kifuko shingoni, wanaokaa kwenye miti ya barabara ya uwanja wa ndege. Alikuwa amejikunyata kama karani wa mazishi, anangoja kiota kifunuliwe. Mama mkwe alimtazama korongo. Korongo naye akamtazama mama mkwe. Nadhani walielewana, maana ndege yule alipiga hatua mbili nyuma.

Mama mkwe akanipa mkono, akashuka ukingoni kama mtu asiye na goti kabisa, akainama, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ameangusha leso. Alipoinuka, sweta lilikuwa limefungwa kama mtoto mchanga na kuwekwa kikapuni, na chupa ya chai imelazwa kando yake kutoa joto. Kulikuwa na maganda yaliyovunjwa, aliniambia baadaye. Ndege au panya alikuwa amekwisha kufika. Aliyakuta manne mazima.

Nikamnong'oneza kwamba tutashikwa, na mume wangu akijua tumeiba mayai ya serikali hataimba tena kanisani.

"Hatuibi," akasema. "Tunahamisha."

Hatujafika mbali, mlinzi wa bustani akatuita. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti kubwa la kaki na rungu, na alikuja kwa hatua za kikazi kabisa mpaka mama mkwe alipomsalimu kwa lugha ya kwetu. Uso wa yule kijana ulifunguka. Alikuwa wa ng'ambo tu ya mto kutoka kijijini kwa mama mkwe. Kabla sijapumua vizuri, walikuwa wamekwisha kutafutana kwa shangazi na binamu hadi mama mkwe akapata haki ya kumwita mwanangu. Alikuwa ametuita, akasema, kwa sababu ameona mama anachechemea. Akataka kumbebea kikapu mpaka langoni.

Nilisema hakuna haja. Mama mkwe akasema Mungu ambariki, na akampa.

Akatembea nacho akikirusharusha kidogo kama mtu mwenye furaha. Kisha akauliza mama amebeba nini.

"Mayai," mama mkwe akasema.

Kijana akacheka, akasema watu wa nyumbani hawawezi kutembea bila mayai, lakini tangu hapo akakibeba kwa mikono miwili, mbele ya kifua, polepole, kama mzee wa kanisa anayepeleka meza ya Bwana. Muuza njugu alipotaka kumpita kwa kasi, alimkemea aangalie anakokwenda, hapa kuna mayai. Alitusindikiza mpaka nje ya lango, akavuka barabara nasi, akahakikisha tumepata viti vya mbele kwenye matatu. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikuweza kumtazama mama mkwe, maana ningecheka mpaka wanishushe.

Sasa ndipo alipofichua mpango wake. Yule kuku mwekundu wa Haboba alikuwa ameanza kulalia mayai wiki ileile. Mayai ya bata hukawia kuliko ya kuku, lakini haya yalikuwa yamekwisha kulaliwa na mama yao siku kadhaa. Jioni, mlango umefungwa, mama mkwe aliyashika moja moja mbele ya tochi, akanionyesha mishipa myembamba kama nyuzi nyekundu ndani yake, akapiga hesabu zake kwa vidole, akasema yataanguliwa pamoja na ya kuku au yatachelewa kidogo tu. Haboba alisema kuku wake huangua hata jiwe. Basi asaidiwe kulithibitisha.

Shida ilikuwa kwamba Haboba hakutoka nyumbani siku hiyo. Ilibidi mayai yalale mahali penye joto, na mama mkwe akayafunga tumboni kwa leso mbili, akalala chali, akajifunika. Mume wangu alipokuja mlangoni kumsalimu mama yake kama desturi yake ya kila jioni, akashangaa kwamba hainuki. Nilisema ni goti. Akaingiwa na huruma, akasema ataliombea, akavua kofia na kusogea kitandani na mkono umenyooshwa.

Mama yake akamwambia aombee hapo hapo aliposimama, Mungu si kiziwi.

Aliomba kwa muda mrefu. Mama mkwe aliitikia amina bila kutikisika hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeuma ncha ya kitambaa changu cha kichwa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Haboba akajifunga gurbaba yake nzuri ya kutokea, ile nguo ya kujitanda ya Kinubi, akaenda kwenye harusi ya mpwa wake upande wa Makina, na wapangaji wengi walikuwa kazini. Mama mkwe alikwenda nyuma kwa kuku na mimi nikasimama kwenye kona na beseni la nguo nisizozifua. Nikasikia kuku akilalamika, kisha kimya, kisha mama mkwe akaniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

Mayai ya Haboba yalikuwa na alama. Kila moja alilichora kwa mkaa mwezi mdogo mwembamba, ili kuku wengine wakija kutaga humo humo ajue lipi la zamani na lipi jipya. Mama mkwe alitazama alama zile kwa heshima. Akasema huyu mama anajua kazi. Kisha akaniambia nilete mkaa, kwa kuwa mimi nimesoma na mkono wangu ni mwepesi.

Kwa hiyo nikachora. Nilichuchumaa nyuma ya nyumba ya watu, adhuhuri kweupe, nikachora miezi midogo kwenye mayai ya bata huku mama mkwe akiniambia huu mnene mno, huu umelewa. Tukayaweka manne yetu, tukatoa manne ya Haboba ili hesabu isiharibike. Kuku mwekundu alitudonoa sote wawili, akajipanga upya, akafumba macho.

Yale manne ya Haboba mama mkwe aliyakaanga kwa vitunguu na nyanya, akamwandalia mwanawe chakula cha jioni. Mume wangu alifurahi sana kuona mama yake amepata nguvu. Akasema hilo ni jibu la maombi, akashukuru kwa chakula, akala mpaka akafuta sahani kwa ugali.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mwizi anayesubiri mlango ugongwe. Mama mkwe alikuwa na raha. Alianza kunipikia, akanifundisha kusonga ugali wa wimbi usiokatika, akaniambia siri za utotoni za mume wangu ambazo nimezitumia mpaka leo. Haboba naye, jioni wakinywa chai, alikuwa na maswali mengi kuliko kawaida. Aliuliza kama kule magharibi kuku huweza kuangua kitu kisicho kuku. Mama mkwe akasema hajawahi kusikia. Aliuliza kama ni kweli hewa ya bwawani huweza kubadilisha yai. Mama mkwe alifikiri, akasema inawezekana, maji yana mambo. Akauliza kama jogoo akizoea kwenda bwawani anaweza kuleta tabia za huko nyumbani. Mama mkwe, ambaye hakuwa mwongo wa kuzaliwa lakini alikuwa amekwisha kuingia, akasema amewahi kuona jogoo wa namna hiyo, alikuwa wa jirani, alikuwa anapiga mbizi.

Haboba alitikisa kichwa polepole na kumwongezea sukari.

Wakatoka. Kwanza vifaranga wa kuku, kisha, siku moja au mbili baadaye, asubuhi ya Jumapili, Haboba akatuita wapangaji wote nyuma. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, na mbele yake kuku mwekundu anatembea na kundi lake kwa majivuno. Kati ya wale vifaranga, watatu walikuwa na milia ya njano na kahawia, mdomo bapa, na miguu kama wamevaa viatu vya kaka zao. Lile yai la nne halikufanikiwa.

Kila mtu akasema lake. Mama wa chumba cha mwisho akasema ni ishara na tufunge kula. Fundi wa redio akasema ni maji ya bwawa, kuna siku naye atazaa mtoto wa namna hiyo. Mume wangu, amevaa suti ya kanisani, akachuchumaa, akawatazama kwa makini, akasema kwa dhati kabisa kwamba kazi za Mungu hazichunguziki.

Haboba akamgeukia mama mkwe, akamwomba aeleze mbele ya watu, kwa kuwa yeye ni mtaalamu, ile habari ya jogoo anayepiga mbizi.

Mama mkwe akaanza kuieleza. Alifika mahali jogoo anapotoka majini na samaki mdomoni, na watu wanasikiliza, mpaka Haboba akainua mkono wake mnene. Akatoa kutoka kwenye mkunjo wa gurbaba maganda mawili ya mayai, akayaweka kwenye kiganja. Akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Mwezi wangu mimi hutazama upande wa ncha. Huu wa mgeni unatazama upande wa kitako. Nimeujua tangu siku ileile niliyotoka harusini."

Mama mkwe alitazama maganda, akanitazama mimi. "Ulichora vibaya," akasema.

Hapo ndipo Haboba alipoanza kucheka. Alicheka mpaka kigoda kikalia, akashika ukuta, akafuta machozi. Alikuwa amengoja siku zote zile, anamtazama mama mkwe akizama zaidi kila jioni na kumwongezea sukari. Mama mkwe akasimama wima kwa muda, amekaza midomo, kisha mabega yakaanza kutetemeka, akakaa chini kando yake kwenye udongo, na wale wanawake wawili wakacheka hivyo mpaka wapangaji wakaona aibu wakaondoka mmoja mmoja.

Mume wangu hakuondoka. Alikuwa anapiga hesabu.

"Mama," akasema, "yale mayai niliyokula yalikuwa ya nani?"

"Ya huyu hapa," mama yake akamwonyesha Haboba. "Na ulishukuru kabla ya kula, kwa hiyo usilete maneno."

Jumamosi iliyofuata mume wangu alimtengenezea Haboba banda jipya la kuku kwa mbao nzuri kuliko za kitanda chetu. Hakuna aliyemwomba. Haboba alilipokea, akamwambia sasa ana ruhusa ya kula mayai yake mara moja kila mwaka.

Goti lilipona, na mama mkwe hakuondoka. Kila jioni yeye na Haboba waliteremka bwawani na yule kuku na kundi lake, mmoja akitangulia na fimbo, mwingine nyuma. Magugu yalikuwa yameanza kufunika maji, lakini upande wa vishamba vyetu palikuwa bado peupe. Bata wadogo wakiona maji tu, wanakimbia, wanajirusha, wanaondoka. Kuku anabaki ukingoni anahangaika, anapanda tuta anashuka tuta, anaita. Mara ya kwanza nilimwonea huruma, karibu nilie. Baada ya siku kadhaa aliizoea aibu yake. Akawa anakaa kwenye tuta la mchicha wangu, anawangoja, na kuula.

Jioni moja nilikuwa nakwatua, Haboba amekwenda kutia udhu, nikamuuliza mama mkwe kwa nini hasa aliyachukua mayai yale. Nilikuwa sina woga tena. Akanyoosha goti lake kwenye tuta.

"Kule nyumbani watu huja kuniuliza mambo," akasema. "Hapa nilikuwa goti. Unaletewa chai, unapelekwa, unarudishwa, unaambiwa pole. Nikaona nikikaa hivyo nitakufa kabla ya goti."

Akaongeza kwamba pia hakuipenda sura ya yule korongo.

Bata wakakua. Wakaota manyoya ya kweli na mdomo ukaanza kuiva rangi ya njano. Mume wangu akashauri tuwapunguze mabawa wasije wakapotea, lakini Haboba alikataa, akasema hajawahi kumfungia mpangaji mlango kwa nje. Mama mkwe alikuwa na ndoto yake ya kurudi na angalau mmoja kijijini kwa basi, awaonyeshe wale wanaomletea kuku wagonjwa. Akasuka kikapu chenye kifuniko. Akawa anamzoesha mmoja kukaa ndani kwa kumpa wali.

Siku ya kuondoka kwake ilipokaribia, tuliteremka sote wanne bwawani, hata mume wangu. Bata walikwenda majini kama kawaida. Kulikuwa na bata wengine wa mwituni mbali kidogo, kundi dogo, na hawakuwa wageni, tulikuwa tumewaona mara nyingi. Wakaruka, labda mtu alipiga kitu. Na wawili wa kwetu wakaruka nao. Hawakuzunguka, hawakurudi kutuaga. Walipita juu ya mabati, wakapinda kuelekea upande wa mjini, wakawa vidoa, wakaisha.

Yule aliyelishwa wali alikuwa mmojawapo.

Mama mkwe alisimama na kikapu chake mkononi, mdomo wazi. Nilijua anaumia. Mwishowe akasema, "Hata sahani hawakurudisha," na Haboba akamshika mkono wakapanda kilima taratibu.

Wa tatu hakuruka. Wiki kadhaa nyuma bati lilimwangukia bawa, likapona limepinda, na labda pia hakuona sababu ya kuondoka. Alirudi na kuku mwekundu kama kawaida, akalala naye bandani. Haboba alimpa mama mkwe kuku mchanga wa uzao uleule, aliyefungwa miguu kwa kitambaa chekundu, wakaagana pale stendi kwa kutaniana mpaka dereva akapiga honi. Mwaka ule wote kila mtu aliyetoka kijijini alinifikishia salamu zangu kwa kifupi na salamu za Haboba kwa kirefu.

Yule bata akawa mfalme wa ploti. Alipanga foleni ya maji na jerikeni za watu na kuoga kwenye karai la kwanza kujaa. Aliwachukia wanaume wanaovaa viatu vya ngozi, na wakusanyaji sadaka wa kila dini walijifunza kupiga hodi wakiwa mbali. Akiona mvua, anasimama katikati ya uwanja na kufungua lile bawa moja zima, huku kuku wenzake wamejikunyata chini ya upenu wakimtazama kama mtoto aliyeharibika.

Mimi na mume wangu tulihamia Kawangware baadaye, karibu na stendi ya matatu namba 56, tukawa na chumba cha pili na mtoto wa kwanza. Nilirudi Silanga siku moja kumwonyesha Haboba mtoto. Bata alikuwa amelala mlangoni. Aliinua kichwa, akanitazama kwanza miguu, kisha uso, kisha akatazama pembeni, na nikasimama pale na mtoto mgongoni nikijiuliza nimekosea nini, mpaka Haboba akaita kutoka ndani kwamba nimruke tu niingie, chai iko tayari.